Chombo Hutunzwa Majini

Sisi watu wa pwani tumezoea kuhesabu kwamba chombo ni mbao. Jahazi, mashua, dau, ngalawa na hori, hivyo kwetu ndivyo vyombo. Ama hizi boti za faiba zinazopita mbio baina ya Mokowe na Lamu, twazipanda kila siku na nauli twalipa, lakini mioyoni mwetu hatujazipa cheo hicho. Ni usafiri tu, kama matatu. Boti ya faiba ikichakaa huvutwa ufuoni ikapinduliwa, watoto wakaichezea na kuku wakataga chini yake, na hakuna malenga anayeisikitikia.

Leo nawaomba wasomaji wanivumilie niwaeleze habari ya watu wa nchi ya mbali ambao huvichukua vyombo vya faiba vilivyotupwa, tena vidogo na vya sura ya kuchekesha, wakavitengeneza kwa jasho lao mpaka vikarudi majini. Sisemi habari hii kwa kustaajabia mambo ya wazungu, maana hilo tumelifanya vya kutosha. Naisema kwa kuwa ndani yake mna hoja inayotuhusu sisi wenye bahari, nayo ni hii: chombo hakitunzwi kwa kutazamwa, hutunzwa kwa kutumiwa, na kinapotumiwa huitunza hata njia ya maji kinayopita.

NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Uingereza ni nchi iliyochimbuliwa mifereji kila upande. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 ili kupeleka makaa ya mawe Manchester, na baada yake matajiri wa viwanda wakashindana kuchimba mingine. Palipo na mwinuko walijenga malango ya maji: chombo huingia ndani ya kisima cha mawe, lango likafungwa nyuma yake, maji yakajazwa au yakapunguzwa, nacho kikapanda au kushuka kama mtu apandaye ngazi. Malango mengi ya katikati ya nchi yana upana wa futi 7 tu, ndiyo maana vyombo vyao vya mizigo vilikuwa virefu na vyembamba mfano wa sindano, vikivutwa na farasi aliyetembea ukingoni.

Kisha ikaja reli, na baada ya reli yakaja malori, na mifereji ikaanza kufa. Mingine ilifukiwa, mingine ikajaa matope na magugu. Iliyobaki ilikuja kupendwa na watu wa mapumziko, na tangu mwaka 2012 sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales, yapata maili 2,000, imekuwa chini ya wakfu uitwao Canal & River Trust.

Sasa, katika miaka ya 1960 na 1970 faiba ilienea, na mtu wa mshahara wa kawaida akapata uwezo wa kununua chombo kidogo. Mtu huyo alikuwa na matamanio mawili. Alitaka karavani, yaani ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, aende nayo mashambani na wanawe. Tena alitaka boti. Fedha alizokuwa nazo zilitosha kimoja. Mafundi wakamjibu kwa kumtengenezea kitu kilicho viwili kwa pamoja: nyumba ya kulala watu wanne au watano, yenye meza, jiko, vitanda na mapazia, ambayo barabarani ni karavani na majini ni boti. Mojawapo ya hizo, iliyotengenezwa miaka ya 1970, iliitwa Caraboat, na jina lenyewe lakuonyesha shauku ya wakati ule ya kuoanisha mambo mawili. Ukiiona nyuma ya gari huwezi kuapa kwamba yaelea; na ukiiona inaelea waweza kudhani kuna mtu amesahau kufunga breki akaingia mtoni.

Msidhani kazi ya kuunda kitu kama hicho ni nyepesi. Fundi ana mabwana wawili wa kuwaridhisha. Lango la maji lamwambia asizidi futi 7. Sheria ya barabara ya huko yamwambia tela lisizidi upana wa mita 2.55, na likikokotwa na gari la kawaida lisizidi urefu wa mita 7. Lisilo na breki zake lisipite kilo 750, na lenye breki lisipite kilo 3,500. Hapo hapo bibi wa nyumba ataka kusimama wima anapopika. Ukiongeza kimo, upepo wakipeperusha chombo majini kama tiara. Ukikipunguza, watu watembea wameinama kama wanaotafuta sindano. Kila chombo cha namna hiyo kilichobaki ni jibu la fundi fulani kwa fumbo hilo.

KAZI YA MTU MVUMILIVU

Swahibu yangu mmoja tuliyesoma naye chuoni, tukipigwa bakora na mwalimu mmoja, amekaa Birmingham miaka mingi akiendesha basi. Huyo ndiye aliyenifungua macho katika mambo haya. Alinunua chombo cha aina hiyo kilichokuwa kimelala uwanjani kwa mkulima, miti imeota pembeni, madirisha yamefunikwa na ukungu wa kijani. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya baiskeli nzuri. Alipokikokota mpaka nyumbani kwake majirani walimcheka, nami nilipofika nikamwambia asihuzunike, kwani yuko aliyejenga chombo mahali pakavu kabla yake na alichekwa zaidi.

Nilikaa naye siku kadha, nikamwona akifanya kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kusikiliza. Alishika bisibisi akagonga sitaha kwa mpini, hatua kwa hatua, kama tabibu agongaye kifua cha mgonjwa. Penye uzima palilia kavu, papo hapo. Penye uharibifu palilia sauti nzito, ya kufa.

“Yakhe, faiba yenyewe haiozi,” aliniambia. “Kinachooza ni kile kilichofichwa baina ya faiba na faiba.”

Maana sitaha za vyombo hivyo zilitengenezwa kama mkate uliotiwa nyama: faiba juu, faiba chini, na kati yake plaiwudi ya kuipa nguvu. Mtu akipiga skurubu moja bila kuziba tundu, maji huingia tone kwa tone kwa miaka 20, na plaiwudi ikageuka uji. Dawa yake ni kukata ngozi ya juu, kuukomba uozo wote, kukausha, kutia mbao mpya na kufunika tena kwa matabaka.

Tumboni mwa chombo ugonjwa ni mwingine. Faiba iliyokaa sana majini hunywa maji kidogo kidogo, na huko ndani maji hayo hukutana na dawa zilizosalia tangu siku ya kutengenezwa, yakatoa malengelenge. Ukilitoboa lengelenge, hutoka maji yenye harufu ya siki. Hapo hakuna njia ya mkato. Ngozi mbovu huparuliwa, chombo kikaoshwa kwa maji matamu mara nyingi, kikaachwa kikauke kwa wiki, pengine miezi, ndipo kikapakwa gundi ya epoksi tabaka juu ya tabaka. Tena kuna utaratibu wa gundi. Ile ya zamani ni poliesta. Epoksi hushika vyema juu ya poliesta kavu, lakini poliesta haishiki vyema juu ya epoksi. Fundi asiyejua hayo hujenga nyumba ya karata.

Msomaji wa Lamu ataona kwamba habari hii si ngeni kwake. Mashua ya mbao nayo hupandishwa ufuoni, ikasuguliwa, ikakalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Vifaa vyahitilafiana, lakini adabu ni moja: usifunike unyevu.

Tela nalo lina mambo yake, na hapa ndipo wengi huponzwa. Gari likienda safari ndefu, beringi za magurudumu ya tela hupata moto. Mwenye haraka akifika mtoni hulisukuma tela majini papo hapo. Chuma chenye moto kikipoa ghafla hewa iliyo ndani hujikunja, ikavuta maji ndani ya beringi kama mtoto avutavyo sharubati kwa mrija. Grisi huharibika, kutu ikaanza, na safari ya kurudi gurudumu likafunguka njiani. Kwa hiyo mwenye akili akifika hufungua birauli yake akanywa chai kwanza, beringi zikapoa. Tairi vilevile zisitazamwe kwa meno yake tu, kwani tela hukaa mwaka mzima bila kutembea na tairi ikapasuka kwa uzee huku meno yakiwa mazima.

Tena yako yanayoua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja yaweza kutoka mlangoni, lakini chomboni hushuka chini kwenye ngama ikakaa, ikingojea cheche. Ndiyo sababu mtungi huwekwa ndani ya kisanduku chenye tundu la kutolea gesi nje, na mwenye chombo hatakiwi kuingia katika mifereji yao bila cheti cha usalama, ambacho hukaguliwa upya kila miaka 4. Vumbi la faiba nalo ni vioo vilivyosagwa. Anayelipiga msasa bila kufunika pua na mdomo anajitafutia maradhi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimewaona vijana wetu ufuoni wakikata boti za faiba kwa mashine, kifua wazi, mdomo wazi, vumbi jeupe limewafunika kama waliotoka kiwanda cha unga.

CHA KUBADILISHA NA CHA KUACHA

Ulizuka ubishi baina yangu na swahibu yangu juu ya mambo ya ndani. Chombo chake kilikuja na mapazia ya rangi ya chungwa na meza ya fomeka ya kahawia, zile rangi ambazo katika miaka ya 1970 zilienea dunia nzima hata kwenye sebule zetu za Mombasa. Nilimwambia azitupe. Alikataa kata kata. Mipira ya gesi aliibadilisha yote, nyaya za umeme akaziondoa zote, mipira ya madirisha akanunua mipya. Lakini meza aliisugua na kuirudisha pale pale ilipokuwa, na pazia moja lililosalimika akalifua akalitundika.

“Ustadh,” aliniambia, “kinachoweza kuua nimekibadilisha. Kinachokumbusha mbona nikitupe?”

Nimelifikiri neno hilo tangu siku hiyo. Wako watu ambao kwao kutengeneza ni kufanya upya, na wakimaliza, chombo hakina tena alama ya waliokipanda. Wako wengine ambao kwao kuhifadhi ni kuogopa kugusa, na chombo kikaozea mikononi mwao kwa heshima. Njia ya swahibu yangu ndiyo ya sawa. Chombo ni cha kubeba watu, basi usalama wa watu haujadiliwi. Yaliyobaki ni ushahidi wa namna watu wa kawaida walivyoishi, na ushahidi hautupwi.

TIKETI ILIYOOKOA MFEREJI

Sasa nifike kwenye kiini. Yuko atakayeuliza: hata kama chombo kimetengenezwa, kina faida gani kwa mtu asiyekuwa mwenyewe? Nitajibu kwa kisa cha mfereji wa Stratford.

Mfereji huo ulikamilika mwaka 1816 na mwisho wake ni Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, ambaye wasomaji wetu wamfahamu kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere aliyetafsiri tamthilia zake mbili. Kufikia miaka ya 1940 ulikuwa karibu kufa. Sehemu yake ya kaskazini palikuwa na daraja la chini lililozuia vyombo. Wenye mfereji, ambao walikuwa kampuni ya reli, walisema kwamba daraja litainuliwa wakati wowote mwenye chombo akitoa taarifa. Mwaka 1947 mwandishi L. T. C. Rolt, ambaye kitabu chake *Narrow Boat* cha mwaka 1944 kiliwaamsha Waingereza juu ya mifereji yao, na ambaye mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kuitetea kiitwacho Inland Waterways Association, alitoa taarifa kwamba anakuja na chombo chake. Hawakuwa na la kusema, wakalazimika kuliinua. Ahadi iliyoandikwa karatasini ilipata maana kwa sababu palikuwa na mtu mwenye chombo aliyekuja kuidai.

Miaka michache baadaye zamu ikawa ya sehemu ya kusini, yapata maili 13. Baraza la jimbo la Warwickshire lilitaka mfereji huo ufutwe kisheria, maana kulikuwa na daraja la barabara lililohitaji kujengwa upya, na daraja la kupita juu ya mfereji uliokufa ni rahisi kuliko la kupita juu ya mfereji ulio hai. Hoja ya baraza ilikuwa kwamba kwa muda wa miaka 3 hakuna chombo kilichopita. Watetezi wa mfereji wakatafuta huku na huku, na ikapatikana tiketi. Watu wawili wenye mtumbwi mdogo wa kupiga makasia walikuwa wamepita katika muda huo, tena wamelipa ushuru wao na kuiweka stakabadhi. Mwaka 1959 ombi la kuufuta mfereji likakataliwa.

Baada ya hapo shirika la hifadhi la National Trust liliuchukua, na kijana aitwaye David Hutchings akaongoza kazi ya kuufufua kwa mikono ya watu wa kujitolea, askari wa jeshi na hata wafungwa wa jela. Julai 11, 1964, ulifunguliwa upya na mamake Malkia Elizabeth.

Tazameni basi. Mfereji wa maili 13 uliochimbwa na mamia ya watu uliokolewa kwa stakabadhi ya mtumbwi unaoweza kubebwa begani. Haukuokolewa na meli, wala na tajiri. Uliokolewa na mtu mdogo mwenye chombo kidogo aliyepita njia hiyo kwa starehe yake, akalipa haki ya watu, akaitunza karatasi.

Hiyo ndiyo kazi ya chombo kinachokokotwa. Mifereji mingi inayofufuliwa huko imekatika vipande. Kipande kina maji lakini hakuna njia ya majini ya kukifikia. Mmoja ni Grand Western huko Devon, wenye maili 11 karibu na mji wa Tiverton, ambao haukuungana na mfereji mwingine wowote uliosalia. Chombo kikubwa hakifiki huko. Lakini chenye tela hufika kwa barabara, kikashushwa kwenye mteremko, na siku hiyo wenyeji wakauona mfereji wao ukifanya kazi iliyochimbiwa. Kwa miaka mingi Inland Waterways Association ilikusanya vyombo vya namna hiyo kwa tamasha katika mifereji kama hiyo, kwa nia hasa ya kuwaonyesha wenyeji na madiwani wao kwamba njia ile ni hai. Diwani huweza kuyapuuza maombi ya karatasi. Ni vigumu kuzipuuza boti 50 zenye bendera na watoto.

HOJA ZA WAPINZANI

Wapinzani wa jambo hili wana hoja, na si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema faiba si turathi. Turathi ni mbao, ni mkono wa fundi; faiba hutoka katika kalibu kama sabuni. Huko Uingereza kwenyewe daftari la taifa la vyombo vya kihistoria huandika vyombo vyenye umri wa miaka 50 na zaidi na urefu unaozidi futi 33. Lakini hawakuishia hapo. Makumbusho ya bahari ya Cornwall yana daftari jingine kwa vyombo vidogo, vya futi 33 kushuka chini, vilivyotimiza miaka 50. Hesabuni wenyewe: chombo cha faiba kilichotoka kalibuni mwaka 1972 kimekwisha kuvuka umri huo. Wakati haukumngojea mtu akubali. Turathi haiamuliwi na kitu kilichotengenezewa, huamuliwa na maisha yaliyopitia ndani yake. Na kama kuna mtu bado ana shaka, aikumbuke Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kwenda mpaka Unguja mwaka 2019. Mafundi wetu wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba mkono wa fundi hauhitaji mbao tu ili uonekane.

Wa pili husema ni upotevu wa mali. Swahibu yangu hakunificha: saa alizotumia, lau angalizihesabu kwa ujira wa dereva wa basi, angalinunua chombo kipya. Hili ni kweli, na anayeingia katika kazi hii akitarajia faida ataadhirika. Lakini iko hesabu nyingine. Faiba haina makaburi. Haiozi ikawa udongo, kuiyeyusha ikafanywa upya ni kazi ngumu na ya gharama, na ukiichoma hutoa moshi wa sumu. Kila chombo cha faiba kinachorudi majini ni kimoja kilichopungua katika fuo na mashamba. Jambo hili kwetu litakuja kwa kishindo, kwani boti za faiba tulizonazo sasa kutoka Vanga hadi Kiunga nazo zitazeeka, na bado hatujajiuliza tutazipeleka wapi.

Wa tatu husema haya ni mambo ya watu walioshiba. Huyu namjibu kwa heshima. Swahibu yangu ni dereva wa basi. Vyombo hivi tangu asili viliundwa kwa ajili ya watu ambao fedha zao zilitosha kitu kimoja tu. Wenye yoti zao ni watu wengine.

NA SISI JE?

Sisi nasi tuna historia ya mifereji, ingawa hatuisemi. Katika karne ya 19, katika nchi ya Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mto Tana na mto Ozi ili vyombo vya mizigo vipite. Mto wenyewe ukaupenda mfereji ukaufuata, na leo maji ya Tana huingia baharini Kipini kwa njia iliyoanzishwa na majembe ya watu. Ni vijana wangapi wa shule zetu wanaoijua habari hiyo? Na ni nani aliyeandika majina na vipimo vya vyombo vinavyopita huko sasa?

Twajua yaliyoupata mtepe. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, chenye tanga la mkeka, kilitoweka majini mwanzoni mwa karne iliyopita. Tulichobaki nacho ni mifano midogo ndani ya vioo vya makumbusho, na picha, na maneno ya wazee waliosikia kwa wazee. Walipotaka kuunda mwingine, wataalamu ilibidi waunge habari kama mtu aungaye chungu kilichovunjika. Mtepe haukufa kwa sababu hakuna aliyeupenda. Ulikufa kwa sababu siku ile ya mwisho ulipopandishwa ufuoni, kila mmoja alidhani uko mwingine mahali pengine.

Nasema hivi si kwa kuwataka watu wa Mombasa waagize karavani za majini kutoka Uingereza. Nasema tuige mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, tuandike. Kila kijiji cha pwani kina watu wanaojua kusoma na kuandika. Na waandike jina la kila chombo kilichozidi miaka 30, cha mbao au cha faiba, urefu wake, mwaka na mahali kilipoundwa, fundi aliyekiunda na kazi kilizofanya. Hata kikivunjwa kesho kwa kuni, kivunjwe kikiwa kimekwisha kuandikwa. La pili, serikali zetu za kaunti, ambazo kila mwaka hutoa zawadi kwa mashindano ya mashua na ngalawa, na ziweke zawadi moja kwa chombo kikongwe kilichofika kwa uwezo wake chenyewe, ili mwenye chombo kizee aone faida ya kukikalafati. La tatu, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kutengeneza faiba kama fani, pamoja na namna ya kujikinga na vumbi lake, ili kijana ajue kufufua na si kukata tu.

La nne sitalihesabu kwa sababu si la serikali, ni la kila mmoja wetu. Njia zetu za maji zinazibwa kidogo kidogo: hapa mteremko wa zamani wa kushushia vyombo umejengewa ukuta, pale bandari ndogo ya wavuvi imezungushiwa seng'enge na mwenye hati mpya. Anayeziba hudai kila mara neno lile lile lililosemwa Warwickshire, kwamba hapana mtu apitaye hapa. Dawa ya neno hilo ni kupita. Mwenye hori na apite na hori lake, mwenye boti ya faiba iliyopigwa viraka na apite nayo, na akitozwa ushuru na alipe, adai stakabadhi, aende akaiweke sandukuni pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.